Kiboko Iko Wapi, Mwalimu?

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya upili mjini Nakuru, na kwa kazi hii nimeita wazazi wengi sana ofisini. Nina sauti yangu ya siku hizo. Naishusha kidogo, nakunja mikono juu ya meza, halafu nasema, "Mzazi, tuko hapa kwa sababu ya tabia." Wazazi huinamisha vichwa. Baba mmoja, mwanajeshi mstaafu mwenye mabega kama mlango, aliwahi kuniomba ruhusa ya kwenda choo.

Kwa hivyo siku simu iliponilia katika chumba cha walimu, na sauti ya msichana ikauliza kama mimi ni mzazi wa mwanafunzi fulani wa Mau Narok, nilidhani ni wale matapeli wa simu.

"Mimi sina mtoto Mau Narok," nikamwambia.

"Si mtoto," akasema. "Ni mama yako. Mimi ndiye mwalimu wake wa gumbaru. Kuna shida ya tabia. Tunaomba ufike Ijumaa bila kukosa."

Gumbaru ni masomo ya watu wazima. Darasa la kwetu hukaa alasiri katika ukumbi wa kanisa, watu wakishatoka shambani, na mama alikuwa amejiunga muhula huo. Maisha yake yote alikuwa hajaketi darasani kama mwanafunzi. Utotoni alibaki nyumbani kubeba wadogo zake mgongoni, na walipoisha kubebwa akaolewa, akaanza kutubeba sisi. Alilima viazi, akatusomesha wote, na kwenye kila karatasi ya shule alipaka kidole gumba wino akakibandika pale alipoonyeshwa.

Alipoamua kusoma, kila mtu alipewa sababu yake. Mchungaji aliambiwa kwamba mama anataka kujisomea Biblia. Chifu akaambiwa amechoka kupaka kidole wino kama mtoto anayecheza na masizi. Mimi niliambiwa anataka kuandika jina lake kwenye magunia ya viazi ili yasipotee sokoni. Zote zilikuwa sababu nzuri sana. Ya kweli ilikuwa kiboko.

Inabidi nieleze habari za baba kwanza. Baba alifika darasa la nne, na katika boma letu hiyo ilikuwa digrii. Sisi watoto tulipokwisha kwenda shule za bweni mmoja baada ya mwingine, alianza desturi ya kumsomea mama gazeti jioni, mama akimenya viazi. Gazeti lenyewe lilikuwa lile la bucha, lililofungiwa nyama. Baba alilikausha karibu na jiko, akavaa miwani, akakohoa kama mtangazaji wa redio. Habari nyingi zilikatikia pale muuza nyama alipokuwa amechana karatasi, na baba alizimalizia mwenyewe.

Katika habari hizo kulikuwa na kiboko wa ziwa Naivasha. Huyo kiboko alikuwa na mambo. Siku moja aliingia shamba la maua, akala mawaridi yote yaliyokuwa yakingoja ndege ya Ulaya. Siku nyingine stima ilipopotea kwetu, gazeti la wiki iliyofuata lilieleza kwamba kiboko alikuwa amekalia bomba la mvuke kule Olkaria, umeme unakotengenezwa, kwa sababu lina joto na yeye mgongo unamuuma. Aliwahi kuonekana Keringet akitafuta mke. Wakati mmoja askari wa wanyama walimpiga risasi ya paja, na Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani wakati wa maombi akaomba washirika wamkumbuke mgonjwa mmoja wa Naivasha aliyepigwa risasi. Hakueleza zaidi. Kanisa liliomba kwa nguvu. Kwa muda mrefu watu walimuuliza mama sokoni, "Yule mgonjwa wako wa Naivasha anaendelea aje?" Naye akawajibu, kulingana na gazeti, "Ameanza kusimama."

Mimi nilikuwa nasikia vipande vya hadithi hizo nikienda likizo. Nilijua hakuna gazeti duniani lenye kiboko wa aina hiyo, lakini nilidhani mama pia anajua, kwamba ule ni mchezo wao wawili. Kumbe hakujua. Alianza tu kushuku. Alijiuliza huyo mnyama hazeeki kwa nini, na mbona viboko wengine wote wa ziwa hawaandikwi. Alipomuuliza baba, baba alijibu bila kupepesa, "Hao wengine hawana mambo." Mama akaendelea kumenya viazi. Mwezi huo huo akajiandikisha gumbaru.

Ijumaa nikaomba ruhusa kazini, nikapanda Mau Narok. Kulikuwa na ile baridi ya kwetu inayoingia kwenye viatu bila kubisha. Nilimkuta mama ameketi kwenye benchi nje ya ukumbi, peke yake, kitambaa kichwani, mikono juu ya magoti, akitazama vidole vya miguu. Nimewaona wanafunzi wakikaa hivyo nje ya ofisi ya mwalimu mkuu kila wiki, lakini sikuwa nimewahi kumwona mtu aliyenizaa akikaa hivyo.

"Umekuja?" akauliza.

"Nimekuja, mama."

"Usinigombeze mbele ya watu."

Mwalimu wake alitoka. Alikuwa msichana mdogo, ametoka chuo juzi tu, amevaa sweta kubwa inayomfika magotini. Alituketisha mbele ya meza yake, akakunja mikono, akashusha sauti.

"Mzazi," akasema, "tuko hapa kwa sababu ya tabia."

Nikajikuta nimeinamisha kichwa.

"Shosho ni mwanafunzi mzuri," akaendelea, kwani kwetu kila bibi ni shosho. "Anafika mapema, anafagia, hata kuni za jiko analeta. Lakini kila siku nikianza tu somo anainua mkono. 'Mwalimu, kiboko iko wapi?' Nikamwambia hapa hakuna kiboko. Kesho yake, 'Mwalimu, kiboko tutaifikia lini?' Juzi nimeandika ubaoni ka, ke, ki, ko, ku. Shosho akaruka juu akapiga makofi. Akawaambia wenzake, 'Sasa kiboko iko karibu!' Mzazi, kuchapa wanafunzi kumekatazwa na sheria. Mimi siwezi kumchapa mtu kwa sababu anapenda."

Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama ukuta.

"Isitoshe," mwalimu akasema, "amewatangazia darasa kwamba siku atakayojua kusoma vizuri, kiboko ya baba yenu itajulikana. Sijui nyumbani kwenu kuna nini na siulizi. Lakini tuna mzee mmoja hapa. Huyo mzee alitoroka shule akiwa darasa la kwanza kwa sababu ya kiboko. Tumembembeleza mwaka mzima ndio arudi. Juzi aliposikia kiboko iko karibu, alipitia dirishani."

"Dirishani?"

"Mlango ulikuwa mbali."

Hapa lazima niseme jambo kuhusu Kiswahili cha kwetu. Kuna watu ambao wakisema kiboko yuko wapi, unajua wanamtafuta mnyama, na wakisema kiboko kiko wapi, unajua ni afadhali ukimbie. Sisi hatuna anasa hiyo. Kwetu kila kitu iko. Mvua iko, ng'ombe iko, mwalimu iko, Mungu pia iko. Ukiuliza kiboko iko wapi Mau Narok, umeuliza yote mawili kwa pamoja, na anayekusikia anachagua kulingana na utoto wake.

"Mama," nikamuuliza polepole, "ni kiboko gani unauliza?"

"Si ni ile ya Naivasha," akasema, kana kwamba mimi ndiye mgumu wa kuelewa. "Ile ya baba yenu."

"Baba yenu alitoa kiboko Naivasha?" mwalimu akauliza, na uso wake ukaanza kunihurumia.

"Hakutoa," mama akasema. "Inakaa huko kwa maji. Inakula maua."

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Mnyama?"

"Sasa wewe ulifikiria nini?" mama akamuuliza. "Si iko kwa gazeti kila wiki? Mimi nataka niisome na macho yangu."

Yule mwalimu alicheka mpaka akaingiza uso ndani ya sweta na sweta ikawa inatikisika yenyewe. Mimi pia nilishindwa. Mama peke yake ndiye hakucheka. Alingoja tumalize kama mtu anayengojea mvua ipite.

Msichana alipojipangusa macho, alifanya jambo ambalo limenifanya nimheshimu mpaka leo. Hakuturudisha nyumbani. Aliinuka, akachukua chaki, akaandika ubaoni mistari miwili, akamsomea mama neno kwa neno. Kiboko yuko. Kiboko kiko. Akamchorea kando ya mstari wa kwanza mnyama mnene mwenye meno, na kando ya wa pili fimbo. Mama alitazama kwa muda mrefu, midomo ikitembea.

"Yuko ni ya mwenye roho," akasema mwishowe.

"Ndiyo, shosho."

"Na kiko ni ya kuchapa."

"Ndiyo."

"Sasa mbona hukunifunza hii siku ya kwanza?" mama akauliza. "Kwa sababu ya hako kadogo hapo mwanzo ndio nimeitiwa mzazi?"

Adhabu aliyopewa ilikuwa kwenda kumrudisha yule mzee darasani, nami nikafuatana naye. Tulimpata nyuma ya zizi lake akiwapa ng'ombe majani. Alipotuona akasimama upande wa pili wa ng'ombe.

"Mama, mko na nini kwa mikono?" akauliza.

Mama akainua mikono yote miwili, mitupu. "Mzee, hakuna mtu atakuchapa. Ile nilikuwa nasema ni kiboko yenye inaishi Naivasha. Kiboko yuko. Sio kiboko kiko."

Mzee akafikiria habari hiyo vizuri. "Na hiyo ndio inakuja darasani?"

"Haiji. Tunaisoma tu."

"Inasomwa ikiwa mbali?"

"Ikiwa mbali kabisa, mzee. Iko kwa maji."

Jumatatu alirudi, nasikia, ila aliketi karibu na dirisha muhula wote.

Kuanzia hapo mama alisoma kama mtu anayefukuzwa. Alisoma mfuko wa unga, akasoma kopo la dawa ya viazi, akasoma kalenda ya kanisa mpaka mwezi wa Disemba. Nilipompeleka Nakuru kupimwa macho alisoma mji mzima kwa sauti. Alisoma majina ya vinyozi. Kwenye ukuta mmoja karibu na soko alisimama katikati ya watu, akaweka kidole hewani na kutangaza, "U-si-ko-jo-e ha-pa!" Jamaa mmoja aliyekuwa ukutani akafunga suruali haraka, akaondoka akisema, "Pole, mathe." Mama alinitazama kwa mshangao mkubwa. Hakuwa amejua kwamba ukisoma kitu, watu wanatii.

Likizo ya Agosti nilikuwa nyumbani siku alipomaliza kazi aliyoiendea.

Baba alileta nyama mchana. Mama aliifungua, akaitia kwenye sufuria, halafu akalikausha gazeti yeye mwenyewe na kuingia nalo chumbani. Alikaa humo alasiri nzima. Nilipopita mlangoni nilimwona ameinama, kidole kikitambaa kwenye mstari kama dudu linalopanda mti. Jua lilipoanza kushuka akalikunja, akalirudisha juu ya kiti cha baba, akachukua viazi vyake akaanza kumenya.

Baba aliketi, akavaa miwani, akakohoa.

"Naivasha," akasoma. "Yule kiboko maarufu jana alihudhuria harusi bila kualikwa. Walioshuhudia wanasema alingoja kwa utulivu mpaka keki ilipoletwa..."

"Rudia hapo," mama akasema.

"Hapo kwa keki?"

"Hapo kwa kiboko."

Baba akarudia, na mara hii harusi ikawa na wageni zaidi.

"Weka kidole," mama akasema.

"Kidole?"

"Weka kidole pale imeandikwa kiboko, nione."

Baba alisogeza miwani. Kidole chake kilizunguka juu ya gazeti kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha kikatua.

Mama aliweka kisu chini, akasogea. "Hapo imeandikwa ma-tre-kta."

Kidole kikahama.

"Hapo ni mbolea." Kikahama tena. "Hapo ni mbolea tena. Hiyo ni habari ya mbolea mpaka chini, nimeimaliza." Akasimama wima. "Baba watoto, kiboko yuko wapi?"

Yuko. Aliisema bila kosa, na mwalimu wake hakuwapo kuisikia. Baba alinigeukia mimi nimsaidie, nami nikatazama sufuria. Basi akafanya kitu pekee kilichobaki. Aligeuza gazeti.

"Labda amepita upande huu," akasema.

Upande huo ulikuwa na matangazo ya vifo.

"Nilimwombea," mama akasema, na sauti yake ilianza kupanda. "Nilisimama mbele ya kanisa! Watu walipiga magoti kwa sababu ya mguu wake!"

"Na ukapona," baba akasema.

Hilo halikuwa jibu zuri. Mama aliingia jikoni akafunga mlango, na tangu jioni hiyo hakumsemesha. Alipata njia nyingine. Gumbaru walikuwa wakimpa vipande vya chaki vya kufanyia mazoezi, na mlango wa jikoni ulikuwa mweusi kwa moshi, ubao tayari. Asubuhi baba aliamka akakuta maandishi makubwa: CHAI IKO. MAZIWA ULIZA KIBOKO. Mchana: KUNI ZIMEISA. KIBOKO AENDE MSITUNI. Siku iliyofuata aliandika kwamba shati la baba halijafuliwa kwa sababu maji yote ameyalalia kiboko. Jirani aliyekuja kuomba moto alisoma mlango huo kwa makini, akaenda zake bila moto.

Baba aliteseka. Alizoea kusoma kwa kupendeza, sasa ilibidi asome kilichoandikwa, na chakula chake kilitegemea hilo. Nilimkuta mara kadhaa amesimama mbele ya mlango, miwani kwenye pua, akisonya.

Halafu asubuhi moja mlango ulikuwa umefutwa wote, na katikati kulikuwa na maneno mawili tu: KWA NINI.

Baba alikaa nayo mpaka chai yake ikapoa. Akachukua chaki. Alianza kuandika juu kabisa, akashuka, na alipofika chini ilibidi apige magoti. Kisha akavaa gambuti zake akaenda shambani bila kunitazama. Niliyasoma. Alikuwa ameandika kwamba watoto walikwenda bweni na nyumba ikawa kimya. Kwamba gazeti lilikuwa na vifo na siasa tu, na yeye alikuwa amechoka kutoka shambani, na mama alikuwa amechoka zaidi. Mstari wa mwisho, pale chini karibu na kizingiti, ulisema: NILITAKA UCEKE.

Mama alitoka chumbani. Alisoma kuanzia juu, kidole kwenye kila neno, bila haraka, na alipofika chini naye akapiga magoti. Akakaa hapo kidogo. Nilidhani analia, nikasogea. Alikuwa anatafuta chaki mfukoni. Aliipata, akaibana H katikati ya C na E, herufi nyembamba kama kijiti, akasimama na kujipangusa vumbi la magoti. Baba aliporudi mchana alisikia sauti ya mama kutoka ndani.

"Ingia ule."

Kazini wanafunzi huniuliza elimu ina faida gani, na mimi huwajibu yale tunayojibu wote, kazi nzuri na kujenga taifa. Majibu hayo sijayaacha. Lakini siku hizi nikiyasema namwona mama amepiga magoti kwenye kizingiti cha jikoni, kidole kwenye neno la mwisho, na najua kwamba kama angekuwa bado anapaka wino kwenye kidole, maneno yale ningemsomea mimi. Yasingekuwa yake.

Alifaulu mtihani wa kwanza. Mwalimu wake akamwambia hatua inayofuata ni Kiingereza, na mama akaamua kwamba hilo ni jambo la familia. Sasa hunipigia simu wakati wowote. Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni nikichagua nyanya.

"Sasa sikiza," akasema bila salamu. "Hii neno, the. Ni nini?"

"Ni neno tu, mama. Linawekwa mbele ya kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu chochote. Nyumba, ng'ombe."

"Na linamaanisha nini?"

Nina digrii ya lugha hiyo. Nilisimama na nyanya mkononi, muuzaji akinitazama, nikatafuta maneno ya kumweleza mama yangu.

"Halina maana yake hasa," nikasema.

Kutoka Mau Narok nikasikia kurasa zikifunuliwa.

"Halina maana," mama akasema, "na limeandikwa kila mahali?"

"Muulize mwalimu wako, mama."

"Nimemuuliza. Amesema nikuulize wewe."